Mkono wa Kulia Si Msindikizaji

Nenda uwanja wowote wa mazoezi ya gofu Dar es Salaam asubuhi ya Jumamosi, simama nyuma ya wanaojifunza, na haitapita nusu saa hujasikia amri mbili. Ya kwanza: nyoosha mkono wa kushoto. Ya pili: mkono wa kulia achana nao, huo unasindikiza tu. Makocha wanawaambia wanafunzi, wanachama wanaambiana, kedi, yule mbeba mfuko wa fimbo, anamkumbusha bosi wake njiani kati ya shimo na shimo, na mzazi aliyeijua gofu juzi tayari anamfokea mwanawe kwa maneno hayohayo. Yamerudiwa kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza kama ni kweli.

Mimi nasema si kweli, na nasema yanawaharibu watoto wetu. Mkono wa kulia ni mfanyakazi kamili katika swingi ya gofu. Una kazi yake na una wakati wake, na bila huo mpira hauendi popote pa maana. Mkono wa kushoto nao una kazi kubwa, ila kazi hiyo si kukakamaa. Anayemfundisha mtoto kuua mkono mmoja na kuukausha mwingine anamfundisha kucheza na nusu ya mwili wake. Hapa nazungumzia mchezaji anayepiga kwa upande wa kulia, ambao ndio wengi. Anayecheza kwa kushoto abadilishe tu majina ya mikono, hoja ni ileile.

Nianze na mkono wa kushoto, maana ndio unaotukuzwa. Hoja yao inavutia ukiisikia mara ya kwanza. Fimbo inazunguka, bega la kushoto ndilo kitovu cha mzunguko, na mkono wa kushoto ndio urefu wa kutoka kitovuni hadi kwenye mpini. Ukikunja kiwiko, urefu unapungua na kichwa cha fimbo hakirudi pale mpira ulipo. Kwa hiyo kaza kiwiko.

Nusu ya kwanza ya maelezo hayo naikubali. Urefu unahitajika. Lakini unahitajika wakati wa kugonga mpira, na wakati huo mkono unanyooshwa na fimbo yenyewe. Kichwa cha draiva, fimbo ya kupiga mbali, kina uzito wa takriban gramu 200. Mwanamume wa nguvu za kawaida anayecheza gofu ya ridhaa anakizungusha kwa mwendo wa kilomita 140 hadi 160 kwa saa. Kitu kinachozunguka kwa kasi hiyo kinavuta kwenda nje, na ukipiga hesabu ya fizikia ya sekondari unapata mvuto wa kilo 25 hadi 30 kwenye viganja vya mchezaji. Mkono ambao haukubana, ukivutwa na kilo 25, unanyooka wenyewe. Hauhitaji kupigiwa kelele.

Anayeukaza tangu mwanzo haongezi urefu wowote. Anachopata ni msuli uliojibana wakati unaotakiwa kwenda kasi, na msuli uliojibana hauna kasi. Tena kigasha kilichobana hakigeuki, na kisipogeuka uso wa fimbo unafika kwenye mpira ukiwa wazi, ukitazama kulia. Hapo ndipo inapozaliwa slaisi, ule mpira unaoanza vizuri halafu unakata kulia na kupotelea kwenye majani. Slaisi ndiyo inayowatesa wanaojifunza kuliko kosa lolote jingine, na kila wakiilalamikia wanaambiwa wazidi kukaza mkono wa kushoto. Wanapewa ugonjwa wanywe kama dawa.

Tazama sasa wachezaji wenyewe, tena waliofika kileleni. Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey, alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mara sita kati ya 1896 na 1914, na hadi leo hakuna aliyefikia idadi hiyo. Picha zake zipo: fimbo ikiwa juu, kiwiko chake cha kushoto kimekunjika waziwazi. Ed Furgol wa Marekani aliumia kiwiko cha kushoto utotoni, na mkono ule ukabaki umepinda na kudhoofu maisha yake yote. Mwaka 1954 alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani pale Baltusrol, New Jersey, akiwa na mkono huohuo.

Kisha kuna Calvin Peete, ambaye ningependa kila kocha wa Dar amjue. Alikuwa kijana mweusi aliyepata riziki kwa kuwauzia bidhaa vibarua wa mashambani Florida. Alivunjika kiwiko cha kushoto akiwa mtoto, kikaunga vibaya, na tangu hapo hakuweza kuunyoosha mkono huo sawasawa. Alianza gofu akiwa mtu mzima, amekwishapita miaka 20. Alishinda mashindano 12 ya ziara kuu ya wachezaji wa kulipwa ya Marekani, likiwamo lile kubwa la Players mwaka 1985. Na kwa miaka kumi mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1990, yeye ndiye aliyeongoza ziara nzima kwa kupeleka mpira wa kwanza kwenye feawei, ile njia ya majani mafupi. Hapo hatuzungumzii ubabe wa kupiga mbali, tunazungumzia unyoofu wa mpira, jambo lilelile ambalo tunaambiwa haliwezekani bila mkono wa kushoto ulionyooka. Mtu aliyeupiga mpira kwa unyoofu kuliko wote kwa muongo mzima hakuwa na uwezo wa kuitii amri ya kwanza wanayopewa watoto wetu.

Afrika nayo ina shahidi wake. Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kama Papwa, alikuwa Mwafrika Kusini wa asili ya Kihindi kutoka Durban. Alianza kama kedi, na alijifunza kwa kutazama na kujaribu. Alishika fimbo kinyume cha watu wote: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini, huku akisimama kama mchezaji wa kulia. Mwalimu yeyote wa leo angemvunja mshiko huo siku ya kwanza. Kwa mshiko huo Papwa alishinda Mashindano ya Wazi ya Uholanzi mwaka 1959, akarudia 1960, akarudia tena 1964. Mwaka 1963 alishinda Mashindano ya Wazi ya Natal, na kwa kuwa sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuingia ndani ya klabu, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha. Mwaka 1965 alishinda tena mashindano hayo, na miongoni mwa aliowaacha nyuma alikuwamo bingwa mkubwa Gary Player, Mwafrika Kusini mwenzake. Serikali ya makaburu ikaona njia pekee ya kumzuia ni kumfungia mashindano. Mshiko wake haukuwa umemzuia.

Najua jibu linalokuja. Hao ni watu wenye vipaji vya pekee, utasikia, na mtu wa kawaida asijilinganishe nao. Jibu hilo silipokei. Kanuni ya mkono wa kushoto haikuletwa kwetu kama ushauri. Imeletwa kama sheria ya maumbile, kwamba duara halirudi mahali pake kiwiko kikikunjika. Sheria ya maumbile haiangalii kipaji. Kama Furgol na Peete waliirudisha fimbo kwenye mpira miaka nenda miaka rudi wakiwa na kiwiko kilichopinda, basi kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikiirudisha. Sehemu kubwa ya kitu hicho ni mkono wa kulia.

Ushike mpini wa fimbo uone. Kiganja cha kulia kiko chini ya cha kushoto, karibu zaidi na mpira. Ukianza kuipandisha fimbo, mkono wa kushoto unavuka kifua, na wa kulia lazima ukunjwe. Ukikataa kukunja, fimbo haipandi. Kukunjika kwa kiwiko cha kulia ndiko kunakoinua fimbo, na namna kinavyokunjika ndiyo inayoamua fimbo ipite njia gani. Kikikaa mbele ya mbavu kikiwa kimekunjika karibu pembe mraba, na kifundo cha mkono kimelala nyuma, fimbo inakaa mahali pazuri. Kikirukia nyuma ya mgongo, au kikipanda hadi usawa wa sikio, mchezaji amekwishajiharibia kabla hajaanza kushuka. Kwa hiyo kabla mpira haujaguswa, mkono unaoitwa msindikizaji umekwishaamua nusu ya mambo.

Kushuka ni jambo la robo ya sekunde hivi. Mguu wa kushoto unakanyaga, kiuno kinageuka, na kiwiko cha kulia kinarudi karibu na mbavu na kutangulia mbele ya nyonga, huku kiganja kimebaki nyuma na kichwa cha fimbo kimebaki nyuma zaidi. Hapo ndipo mkono wa kulia unapoanza kujikunjua. Wakati wa kugonga mpira bado una mkunjo kidogo. Unanyooka kabisa baada ya mpira kuondoka. Na tazama kinachotokea hapo: mkono wa kulia unaponyooka, wa kushoto unaanza kukunjika, na fimbo inapanda begani upande wa pili. Mikono yote miwili inanyooka na yote inakunjika, kila mmoja kwa zamu yake. Anayekaza wa kushoto hadi mwisho hawezi kumalizia; wengi wa namna hiyo huishia na kiwiko kilichotoka nje na maumivu upande wa nje wa kiwiko cha kushoto, maumivu ambayo madaktari wa wachezaji wa gofu wanayafahamu vizuri.

Mtu asiyewahi kushika fimbo ya gofu, lakini amesoma shule ya msingi ya serikali Temeke au Kinondoni, anaujua mwendo huu wa mkono wa kulia, kwa sababu ameshika fyekeo. Mtazame mtoto wa darasa la sita anayefyeka majani ya uwanja wa shule. Hakazi bega. Uzito unakwenda mguu wa mbele, kiuno kinageuka, kiwiko kinapita karibu na mbavu, ngumi inafuata, na bapa la chuma linafika mwisho likiwa na kasi kuliko vyote vilivyotangulia. Akichoka akaanza kurusha kwa kiganja pekee, fyekeo linagonga ardhi au linaparaza juu ya majani. Hakufundishwa na mtu. Majani yenyewe ndiyo yaliyomfundisha, kwa sababu asipofanya hivyo hayakatiki. Mtoto huyo anapoingia uwanja wa gofu anaingia na nusu ya swingi mkononi.

Sasa niseme kinachompata. Nimemtazama kijana wa miaka kama 14, mkazi wa Tandika, anayebadilisha daladala hadi kufika mazoezini. Alikuwa na viatu vyake vya shule na aioni, fimbo ya chuma, namba saba ya kuazima, mpini wake umelainika kwa jasho la watu wengi. Mipira yake ya mwanzo ilikuwa na makosa, lakini ilipaa. Mmojawapo uliondoka na ule mlio mkavu ambao kila mchezaji anaujua, na watu wawili waliokuwa jirani wakageuka kutazama. Kocha akaja. "Dogo, unapiga na mkono wa kulia. Uue. Uue kabisa." "Sawa, kocha." Mpira uliofuata ulibiringika. Uliofuata akachimba udongo nyuma yake, kipande cha majani kikaruka mbali kuliko mpira. Nikamwona mabega yamempanda hadi karibu na masikio, mkono wa kushoto umekauka kama umefungwa banzi, na kiganja cha kulia kimelegezwa kiasi kwamba fimbo ilikuwa ikicheza ndani ya vidole. Kila akikosa, kocha anamwambia kosa ni mkono wa kulia. Kijana akawa anautazama mkono wake kama mtu anayetazama kitu kilichomletea aibu. Niliumia. Mkono ule ndio unaobeba ndoo za maji nyumbani kwao, na ndio uliopiga mpira ule mmoja mzuri.

Wapinzani wangu wana hoja moja yenye uzito, na haki yao nawapa. Ni kweli kwamba anayejifunza huanza kupiga na mkono wa kulia mapema mno. Fimbo ikifika juu tu, anausukuma kwa nguvu zote, kiwiko kinanyooka kabla mwili haujageuka, bega la kulia linaruka mbele, na kasi yote inaishia hewani nyuma ya mpira. Akiufikia mpira fimbo imekwishachoka. Kosa hilo lipo, liko kila mahali, na kila mwalimu analiona kila siku. Ndilo lililozaa mafundisho ya kuua mkono wa kulia.

Lakini kosa hilo ni la wakati. Mkono umefanya kazi yake kabla ya zamu yake. Mtu akiwahi kuimba kabla ya kiitikio humwambii awe bubu, unamwambia asubiri. Dawa ya mkono unaowahi ni kiuno kinachotangulia, na hilo linafundishika: mwambie mtoto ageuze nyonga kwanza, kiwiko kije mbele ya nyonga, ndipo aukunjue mkono kwa nguvu zote alizonazo. Ukiuua mkono, kosa la wakati linaondoka kwa sababu hakuna tena kinachofanya kazi, na pigo linaondoka pamoja nalo. Mtoto anabaki na swingi isiyo na kosa hilo wala faida yoyote.

Nikubali jambo jingine, maana upande wangu nao una watu wanaopita kiasi. Wako wanaosema mkono wa kulia uusukume mpira kwa nguvu pale chini unapogonga. Hilo nalo si sahihi. Fimbo hugusana na mpira kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde, na waliopima nguvu za viganja kwenye mpini wameonyesha kwamba karibu kabisa na kugonga, fimbo inazunguka kwa kasi ambayo viganja haviwezi tena kuiongeza. Kazi inayobaki ni kuizuia isichomoke, na hapo mkono wa kushoto ndio unaobeba mzigo mkubwa. Kazi ya mkono wa kulia imefanyika kabla ya hapo, kuanzia pale kiwiko kilipopita mbele ya nyonga. Hii ndiyo sababu watu wanadanganyika. Wanapotazama picha ya wakati wa kugonga wanaona mkono wa kushoto umenyooka na unavuta, wanahitimisha kwamba ndio uliofanya yote. Picha imechelewa. Haionyeshi nani alileta kasi.

Na swali la nani alileta kasi lilikwishaulizwa kwa vifaa. Frank Jobe, daktari wa Los Angeles aliyejulikana kwa upasuaji wa viwiko vya wachezaji wa besiboli, pamoja na wenzake, katika miaka ya 1980 waliwawekea wachezaji wa gofu nyaya za kupima umeme wa misuli mabegani. Misuli mikubwa ya kifua na ya mgongo, ile inayotoa nguvu fimbo inaposhuka, ilifanya kazi kwa bidii pande zote mbili, kulia na kushoto. Hakukuwa na upande uliolala. Mtu akiniambia mkono wa kulia haufanyi kitu, namwomba aeleze misuli ile ya kulia ilikuwa ikihangaikia nini.

Hoja nyingine inayopendwa ni ya bingwa wa Marekani, Phil Mickelson. Yeye kwa maisha ya kawaida anatumia mkono wa kulia, lakini gofu anacheza kwa kushoto, kwa hiyo mkono wake wenye nguvu ndio unaotangulia. Bob Charles wa New Zealand, aliyeshinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza mwaka 1963, alikuwa hivyohivyo. Wanasema: mnaona, mkono wa mbele ndio bosi. Mimi naona kinyume. Kama mtu anaweza kuwa bingwa akiwa na mkono wenye nguvu mbele, na maelfu ya wachezaji wa kulipwa ni mabingwa wakiwa na mkono wenye nguvu nyuma, basi hakuna mkono uliozaliwa bosi. Tangu mwaka 1932 Uingereza ina chama cha wachezaji wa gofu wenye mkono mmoja, na wanachama wake wengine hupiga kwa mkono uliobaki wa mbele, wengine kwa ule wa nyuma. Kila mkono peke yake unajua kupiga mpira. Hapo mnataka nini tena?

Tena wanaotaja mabingwa wa zamani kama mashahidi wa mkono wa kushoto wanawataja nusu. Tommy Armour, katika kitabu chake cha mwaka 1953, aliutaka mkono wa kushoto ushike imara na wa kulia upige kwa nguvu zote. Ben Hogan, ambaye kitabu chake cha mwaka 1957 kinasomwa na walimu hadi leo, aliuhesabu mkono wa kulia kuwa chanzo kikubwa cha nguvu ya pigo, mradi wa kushoto nao uwe na nguvu ya kwenda nao sambamba. Hawa walikuwa wakizungumza na watu waliokwishajua kupiga. Maonyo yao kuhusu mkono wa kulia yalichukuliwa, sifa zao kwa mkono huohuo zikaachwa, na kilichotufikia ni vipande.

Vimetufikia kwa njia gani? Kwa njia ya klabu. Gofu iliingia Dar es Salaam kama mchezo wa watawala na wafanyabiashara, na kwa miaka mingi mtu wa Temeke aliingia uwanjani akiwa amebeba mfuko wa mwenzake. Mafundisho yalitoka kwa mwanachama mwenye umri wa makamo, aliyekaa kitini wiki nzima, mwenye kiuno kigumu. Kwa mtu huyo, kuambiwa atulize mkono wa kulia kuna msaada kidogo, kwa sababu kiuno chake hakigeuki na mkono ndio unaowahi siku zote. Kedi akasikia, akabeba, akawafundisha wadogo zake. Ushauri wa mzee mwenye tumbo umekuwa sheria ya mtoto mwembamba mwenye kiuno chepesi kama cha paka.

Leo mambo yamebadilika, na nashukuru. Kiwanja cha Lugalo, chenye mashimo 18 chini ya Jeshi la Wananchi, kipo Kinondoni, na vijana wa Kawe, Makongo na Mwenge wanakiona kila wanapopita. Gofu imesogea kwa watu ambao mikono yao imefanya kazi tangu utotoni. Lakini mtoto wa Tandika au Mbagala hana kiwanja jirani. Anavuka jiji zima kwa saa moja ya mazoezi, pengine mara moja kwa wiki. Saa hiyo ikitumika kumwondolea kile alichokuja nacho, hatarudi. Wasichana ndio wanaoumizwa zaidi. Msichana wa miaka 12 akipewa aioni ya mtu mzima, yenye uzito unaopita gramu 400, na kuambiwa aiendeshe kwa mkono wa kushoto peke yake, ule wa kulia usindikize, hataweza hata kuifikisha juu. Ataambiwa hana nguvu. Nguvu anazo, amekatazwa kuzitumia.

Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko, na walijifunza kabla mtu hajawaona. Hata Severiano Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open pale Muthaiga mwaka 1978, alikuwa mtoto kedi wa kijiji cha Pedreña, Uhispania, akipiga mawe na mipira ufukweni kwa fimbo moja ya chuma. Ufukwe haukumwambia aue mkono. Ulimwonyesha tu mpira umekwenda wapi.

Niseme pia kuhusu mipira mifupi, ile ya kuzunguka grini, eneo la majani laini lenye shimo, kwa sababu huko ndiko alama zinakopotea na huko ndiko mafundisho haya yanakoleta hasara ya kimyakimya. Mpira wa mita 15 kutoka kwenye majani ya Dar wakati wa masika, ardhi ikiwa laini, unahitaji kuhisi uzito wa kichwa cha fimbo. Hisia hiyo iko zaidi kwenye vidole vya kulia, vilivyo karibu na fimbo, vilivyozoea kushika kalamu, kijiko na bisibisi. Kushoto kunashikilia uso wa fimbo usigeuke. Kulia kunapima. Mtoto aliyefundishwa kuogopa mkono wake wa kulia hapimi, anabahatisha, na mpira mmoja unapita grini, unaofuata hauifikii.

Kwa hiyo nawaomba walimu, na naomba kwa heshima kwa sababu wengi wao wanafundisha kwa malipo madogo au bila malipo kabisa. Jumamosi ijayo mpe mtoto fimbo fupi. Apige mipira kadhaa kwa mkono wa kulia peke yake, polepole, kiwiko kikipita mbele ya nyonga. Kisha apige kwa wa kushoto peke yake, mkono ukiwa umelegea, umwache auone ukinyooshwa na fimbo. Kisha ashike kwa mikono yote miwili, na umwambie neno moja tu, nalo ni kuhusu kiuno: kitangulie. Akiwahisha mkono wa kulia, mwambie asubiri. Akikaza wa kushoto, mwambie apumue. Halafu simama kando, mhesabie mipira iliyopaa.